Kuchanganya vipuri vya breki za baiskeli si kosa, kosa ni kuchanganya mafuta

Zamu ya mchana inapomalizika katika eneo la viwanda la Thika, baiskeli hutoka getini kwa makumi. Zamani zilikuwa Black Mamba tupu, zile nyeusi zenye breki za vyuma vinavyovuta mpira kwenye rimu. Siku hizi nyingi ni baiskeli za milimani za mitumba, zilizoshushwa kwenye kontena katika bandari yetu ya Mombasa, zikapakiwa kwenye malori hadi Ruiru na Thika. Zina gia nyingi, magurudumu manene na breki za diski. Na baadhi yake, breki hizo hazivutwi kwa waya, zinasukumwa kwa mafuta, sawasawa na breki za gari.

Mimi ni mtu wa Kilifi, riziki ndiyo iliyonileta huku bara. Kazi yangu ni matengenezo ya mashine kiwandani, na sehemu kubwa ya mashine hizo husukumwa na mafuta yenye shinikizo. Kwa sababu hiyo wenzangu wa kazini, pamoja na mafundi wa baiskeli wa kando ya barabara, huniletea swali moja kila mara: leva ya kampuni hii, naweza kuifunga na kalipa ya kampuni ile? Leo nalijibu hapa, maana baiskeli hizo hizo ziko Mombasa, Malindi na Voi, na mteremko wa kutoka Wundanyi kushuka Mwatate hauna huruma kuliko miteremko ya huku Gatanga.

Jibu fupi ni kwamba inawezekana, lakini kwa masharti. Na masharti yenyewe yana mpangilio wake. La kwanza likishindikana, hakuna haja ya kuuliza la pili.

Nieleze kwanza kwa nini watu huchanganya, ili msomaji asidhani ni ubishi au ubahili tu. Baiskeli ya mtumba haiji na sanduku la vipuri. Huja imebanwa na nyingine mia ndani ya kontena, leva moja imevunjika, paipu imekatwa, au kalipa imeng'olewa na aliyeiuza huko Ulaya. Fundi wa Ruiru hawezi kuagiza leva ya modeli ile ile ya miaka kumi iliyopita. Anachoweza ni kuingia kwenye rundo lake la vyuma na kutafuta kinacholingana. Huo ni ufundi wa kweli na mimi nauheshimu. Ninachotaka ni kwamba aupime kwa vipimo vinavyostahili.

Breki ya mafuta inavyofanya kazi

Ukiibana leva, pistoni ndogo iliyo ndani yake husukuma mafuta kwenye paipu. Mafuta hayabonyei kama hewa, kwa hiyo msukumo wote hufika kwenye kalipa kule gurudumuni. Huko kuna pistoni kubwa zaidi, mbili au nne, zinazosukuma pedi kuibana diski. Kanuni hii ilielezwa na Mfaransa Blaise Pascal katika karne ya 17: shinikizo ndani ya mafuta yaliyofungiwa ni lile lile kila mahali. Pistoni ya kalipa ikiwa na eneo kubwa mara tano kuliko ya leva, nguvu huongezeka mara tano. Ndiyo maana kidole kimoja kinatosha kumsimamisha mtu na baiskeli yake.

Kinachozuia mafuta yasivuje ni pete za mpira zinazozunguka pistoni, tunazoziita sili. Ziko ndani ya leva na ndani ya kalipa. Ukizishika ni kitu kidogo cha kudharauliwa, lakini uhai wa mwendeshaji umekaa juu yake. Na mpira wa sili hutengenezwa kwa ajili ya aina moja ya mafuta.

Sharti la kwanza: mafuta

Breki za baiskeli hutumia mafuta ya aina mbili zisizopatana kabisa. Aina ya kwanza ni mafuta ya madini. Haya hutumiwa na Shimano ya Japani, Tektro ya Taiwan na Magura ya Ujerumani. Aina ya pili ni yale yanayoitwa DOT, ambayo hutumika pia kwenye magari na pikipiki. Breki nyingi za SRAM ya Marekani, kama Code, Guide na Level, zimetumia DOT, na vivyo hivyo breki nyingi za Hope ya Uingereza na Hayes ya Marekani.

Mafuta ya DOT yakiingia kwenye breki iliyotengenezewa mafuta ya madini, sili huharibika. Mafuta ya madini yakiingia kwenye breki ya DOT, sili huvimba kama maharagwe yaliyolowekwa. Kwa njia zote mbili mwisho ni mmoja: pistoni hukwama, au mafuta huvuja, au vyote viwili. Tena haitokei siku ile ile. Breki itafanya kazi vizuri leo, kesho, hata wiki nzima, na fundi atapata sifa. Halafu siku moja haitafanya kazi.

Hapa ndipo mazingira ya Thika na Ruiru yanapoleta balaa. Kuanzia Githurai hadi Makongeni, maduka ya vipuri vya magari na bodaboda yamepangana, na chupa ya DOT 3 au DOT 4 utaipata karibu popote. Mafuta ya madini ya breki za baiskeli ni adimu. Kwa hiyo anayetaka kuongeza mafuta hununua kilicho karibu, na chupa yenyewe imeandikwa kuwa ni mafuta ya breki. Anajiona amefanya sawa.

Kijana mmoja tunayefanya naye kazi, kibarua wa kulipwa kwa siku, aliongezewa DOT kwenye breki ya mafuta ya madini. Aliyemfanyia hivyo hakuwa na nia mbaya. Baada ya siku kadhaa leva ya mbele ikaanza kuwa nzito kurudi, na pedi zikawa zinakwaruza diski hata bila kubana. Alidhani ni vumbi. Jumapili alipokuwa akishuka kutoka upande wa Gatanga, leva ikagota kwenye usukani bila kushika chochote. Alichagua mtaro kuliko matatu iliyokuwa mbele yake. Alivunjika mtulinga, akakaa nyumbani wiki sita, na kibarua akikaa nyumbani halipwi. Chupa ile iligharimu pesa kidogo sana ukilinganisha na wiki hizo sita.

Basi kanuni ya kwanza ni hii: leva na kalipa lazima ziwe za mafuta ya aina moja. Ukiwa na leva ya madini na kalipa ya DOT, acha hapo hapo. Hakuna paipu wala adapta itakayozipatanisha.

Utajuaje ni mafuta gani? Soma maandishi kwenye leva au kwenye kifuniko cha tangi dogo la mafuta. Kwa kawaida kampuni huandika. Usitegemee jina la kampuni peke yake. SRAM hiyo hiyo ina breki za DB8 na Maven ambazo ni za mafuta ya madini. Formula ya Italia ilitengeneza breki za DOT kwa miaka mingi, kisha ikatoa Cura ambayo ni ya madini. Usitegemee rangi pia, kwani rangi hutiwa na kampuni na hubadilika mafuta yakichakaa.

Kama maandishi yamefutika, kuna jaribio la jikoni. Chota tone la mafuta kutoka kwenye breki, litie kwenye glasi ya maji safi na ukoroge. Mafuta ya madini yataelea juu kama mafuta ya kupikia. DOT itayeyuka na kupotea ndani ya maji. Jaribio hili litakwambia kilichomo ndani sasa hivi, lakini halitakwambia kilichopaswa kuwemo. Kama aliyekutangulia alikosea, tone litakudanganya. Kwa hiyo maandishi kwanza, glasi baadaye, na vikipingana usiiamini breki hiyo.

Huulizwa pia kuhusu mafuta ya kupikia na mafuta ya watoto ya kujipaka. Ya kupikia hapana kabisa. Huganda na kuoza kwa joto. Ya watoto asili yake ni ya madini, na wapo wanaoyatumia, lakini hayakutengenezwa kuvumilia joto la breki na yametiwa manukato. Hata mwenye kiwanda hawezi kumruhusu mtu amimine hayo kwenye mashine ya kubana chuma. Kwa nini uyaamini kwenye mteremko?

DOT na hewa ya Pwani

Wenye breki za DOT huko Pwani nawaongezea jambo moja. DOT hunyonya unyevu kutoka hewani, na hewa yetu ya baharini ina unyevu mwingi. DOT 4 ikiwa mpya haichemki kabla ya nyuzijoto 230, lakini kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 155 ikishanyonya maji. Kwa DOT 5.1 ni 260 ikiwa mpya na 180 ikishanyonya. Mafuta yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea. Leva itagota kwenye usukani, ghafla, katikati ya mteremko.

Joto hilo si la kufikirika. Mtu na baiskeli yake wakiwa na uzito wa kilo 100, wakashuka kimo cha mita 200 wakizuiliwa na breki tu, nishati inayogeuka joto inatosha kuchemsha zaidi ya nusu lita ya maji ya mfereji. Joto lote hilo linapita kwenye diski mbili nyembamba. Kwa hiyo usinunue DOT kutoka chupa iliyokaa wazi dukani, wala usiihifadhi iliyobaki mwaka mzima. Pia usichukue DOT 5 ukidhani ni 5.1. DOT 5 ni ya silikoni, ni kitu kingine kabisa, na haichanganyiki na DOT 4 wala 5.1.

Na anayetumia mafuta ya madini asijione amepona. Hayanyonyi maji, lakini maji yakipenya hukaa chini peke yake, na sehemu ya chini ni kalipa, penye joto kali zaidi.

Sharti la pili: uwiano wa pistoni

Mafuta yakilingana, sasa tazama ukubwa wa pistoni. Tuchukue mfano. Pistoni ya leva ina kipenyo cha milimita 10. Kalipa ina pistoni mbili za milimita 22, moja kila upande. Kwa hesabu ya maeneo, nguvu huzidishwa karibu mara 4.8. Ukiitoa kalipa hiyo ukafunga ya pistoni nne, kila upande moja ya milimita 18 na moja ya 16, nguvu huzidishwa mara 5.8. Umepata nguvu zaidi kwa asilimia 20 hivi.

Lakini hakuna cha bure. Kalipa kubwa inahitaji mafuta mengi zaidi ili pedi zisogee umbali ule ule, kwa hiyo leva itasafiri zaidi kwa kiasi hicho hicho, asilimia 20. Kama leva yako ilikuwa inashika katikati, sasa itashika karibu na usukani. Ikipita hapo, inagota kabla breki haijakaza, na nguvu yote uliyoongeza ni kazi bure. Ukienda kinyume, leva yenye pistoni kubwa na kalipa ndogo, leva itakuwa ngumu kama jiwe, itashika mapema, na utahitaji mkono wote kusimama.

Ndani ya kampuni moja mambo huwa mepesi. Shimano, kwa mfano, hutumia leva zile zile na kalipa za pistoni mbili au nne katika baadhi ya familia zake. Ukivuka kutoka kampuni moja kwenda nyingine zinazotumia mafuta ya madini, inaweza kufaa, lakini upime kwa mkono wako. Baada ya kutoa hewa yote, bana leva kwa nguvu. Ikiwa kidole kinapita kati ya leva na usukani na pedi zimeshika barabara, uwiano unakubalika. Ikigusa usukani, mchanganyiko huo haufai, hata kama kila kitu kimefungika vizuri.

Sharti la tatu: paipu na viungio

Paipu nyingi za breki za baiskeli zina unene wa nje wa milimita 5, kwa hiyo kwa macho zote ni ndugu. Ndani ndiko kwenye tofauti. Mwisho wa paipu huingizwa kijiti chenye tundu, na juu yake huvalishwa pete ndogo ya shaba inayominywa na nati ili mafuta yasitoke. Kijiti lazima kilingane na tundu la paipu, na nati lazima ilingane na nyuzi za leva. Hata Shimano peke yake ina paipu za BH59 na BH90, na vijiti vyake si vya kubadilishana.

Kanuni rahisi ya karakana ni kufuata upande: kiungio cha upande wa leva kiwe cha kampuni ya leva, cha upande wa kalipa kiwe cha kampuni ya kalipa, na kijiti kiwe cha paipu. Pete ya shaba iliyokwisha minywa hairudiwi. Ukiifungua, weka mpya. Na nati isipoingia kwa vidole mizunguko ya mwanzo, usiilazimishe kwa spana, utaharibu nyuzi.

Sharti la nne: diski na pedi

Hapa kuchanganya kuna uhuru zaidi, kwa kuwa diski ya kampuni moja hufanya kazi na kalipa ya nyingine mara nyingi. Angalia mambo matatu. Kwanza, kipenyo: diski za kawaida ni za milimita 160, 180 na 203, na ukibadilisha ukubwa lazima ubadilishe adapta inayoinua kalipa. Pili, unene: diski ya Shimano ikiwa mpya ina milimita 1.8, na ikifika 1.5 mwisho wake umefika. Tatu, aina ya pedi. Diski za bei nafuu huwa zimechorwa maneno ya kuonya kwamba ni za pedi za resini tu. Ukizifungia pedi za chuma zitalika haraka.

Pedi zenyewe lazima ziwe za umbo la kalipa yako. Na pedi iliyodondokewa na mafuta, hata tone moja, imeshaharibika. Wapo wanaoichoma kwa moto au kuisugua kwa msasa. Kwa breki ya mbele, mimi naitupa.

Kulia au kushoto?

Jambo hili halimo katika vipuri lakini limewaangusha wengi. Baiskeli zilizotoka Uingereza na Japani kwa kawaida zina breki ya mbele mkono wa kulia. Zilizotoka Ujerumani, Ufaransa au Marekani, breki ya mbele iko kushoto. Pikipiki zetu breki ya mbele ni kulia. Mtu aliyezoea bodaboda akipanda baiskeli ya Ujerumani, akabana kushoto akidhani ni ya nyuma, ataruka juu ya usukani. Wakati breki imefunguliwa kwa matengenezo ndio wakati wa kuamua upande. Muulize mwenye baiskeli kabla ya kufunga paipu.

Kabla ya kuingia barabarani

Ukimaliza kufunga na kutoa hewa, zungushia karatasi ya shashi kwenye kila kiungio, bana leva kwa nguvu na uishikilie dakika nzima. Leva ikizama polepole, kuna kuvuja. Karatasi ikilowa, umeshajua wapi. Kisha nenda mahali tambarare pasipo magari, endesha kwa mwendo wa wastani, punguza hadi mwendo wa miguu, rudia kama mara 20 ili pedi na diski zizoeane. Siku inayofuata, kabla ya kupanda, bana tena. Haraka haraka haina baraka, na kwenye breki haraka ina deni.

Mwisho nina ombi kwa mafundi, wa huku Thika na wa kwetu Pwani. Kiwandani, mashine yoyote inayotumia mafuta ina kibandiko kinachosema ni mafuta gani. Hatumtegemei aliyeyatia ayakumbuke, kwa sababu anaweza kuhama, kustaafu au kufa, na mashine itabaki. Baiskeli ya mtumba nayo hupita mikono mingi, na kila mkono hukuta kazi ya aliyetangulia bila maelezo. Ukishafunga leva ya huku na kalipa ya kule, chukua kipande cha utepe mweupe, kizungushie kwenye leva, uandike kwa kalamu isiyofutika: MADINI au DOT. Neno moja. Halikugharimu hata shilingi kumi, na fundi atakayeifungua baada yako hatahitaji kubahatisha.

Nawe mwenye baiskeli, usipoliona neno hilo kwenye leva yako, uliza. Fundi akikujibu kwamba mafuta ni mafuta tu, ondoka na baiskeli yako ukiisukuma.